Kauli Moja

Mkutano ulianza saa tano. Daftarini nimeandika saa nne,
maana karatasi ya serikali haipendi kuchelewa.
Waliohudhuria: watu mia mbili na kumi na wanne.
Mbuzi wa mama Nzwala sikumhesabu,
ingawa alikaa mbele
akatafuna ncha ya ajenda ya pili.

Bwana Ardhi kutoka halmashauri alitandaza ramani
sakafuni, ndani ya godauni la tumbaku,
akaibana kwa mawe manne,
na Ilyambuli yetu nzima ikawa na upana wa kanga.
Tukainama kujitafuta.
"Kumbe mimi chawa," akasema Sizya,
kidole juu ya nukta ya nyumba yake.

Kijani ni msitu: mizinga, ndege, miombo isiyoguswa.
Manjano, mashamba. Kahawia, malisho.
Buluu ni mto Wala,
ambao Septemba hii tunauvuka kwa ndala kavu,
lakini kwenye ramani unatiririka mwaka mzima,
nasi tukautazama kwa kiu.

Masunga aliuliza nani atawafundisha ng'ombe wake rangi.
Nimeandika: Mjumbe aliomba ufafanuzi.
Wawili waligombea mpaka ambao babu zao walishaugombea,
mmoja akavua shati.
Nimeandika: Majadiliano yalikuwa ya kina.

Ajenda ya tatu, wageni.
Simba hatuna. Mlima hatuna.
Hata kilima tulicho nacho, jirani anakidai.
Sizya akasema watakuja kusikia nyuki,
kulala chini ya paa la nyasi, kula matobolwa.
Godauni likalipuka kicheko:
mtu apande ndege, alipe nauli,
aje kula matobolwa!
Mama Nzwala hakucheka. Alisimama, akafunga kanga upya,
akauliza: "Huyo mgeni atajisaidia wapi?"
Kimya.
Nimeandika: Kabla ya mgeni, choo. Matundu mawili.
Hilo, neno kwa neno.

Kisha Nyanzala, mwenye mizinga sitini,
ambaye wanaume walimkataza kupanda mti
naye akaishusha mizinga chini, akaiwekea miguu,
alitua pande la sega palepale penye kijani.
Asali ikatambaa, haikuharakisha,
ikavuka mstari, ikaingia manjano.
Bwana Ardhi akahangaika kutafuta kitambaa.
"Pandeni alizeti huku ukingoni," Nyanzala akasema,
"muone kama mtavuna mapepe tena."
Akalamba kidole, akakaa.

Ajenda ya nne, tumbaku.
Hapo kalamu yangu ilipata uzito.
Kila bani ni mdomo, na mdomo ule hula kuni.
Ada yangu ya kidato cha nne ilikuwa miombo kumi na mmoja;
nilimsaidia baba kuihesabu ikiwa imelala.
Mwandiko huu mnaousifu
umekaushwa kwa moto ule.

Bwana Ardhi akachonga penseli,
akausogeza msitu hadi kwenye korongo.
Nusu ya kidole tu.
Hakuna aliyeona. Mimi niliona:
chini ya ile nusu ya kidole kuna ekari mbili,
bani lenye ufa,
na kigogo ambacho baba alikalia usiku, akilinda moto.

Wanaokubali, wanyooshe mkono.
Mikono ikachipua kama mahindi ya mvua ya kwanza.
Wangu wa kulia ulishika kalamu.
Ili kuunyoosha ilibidi niiweke chini,
na kwa muda huo mkutano haukuandikwa na mtu yeyote.

Nikaichukua tena.
Imepitishwa kwa kauli moja.

Mengineyo: hayakuwepo.
Mkutano ulifungwa saa nane na robo.
Kabla ya sahihi ya mwenyekiti niliacha mstari mmoja wazi,
upana wake ekari mbili.